Kitako Hupimwa kwa Bega

Mwaka wa 1968, nikiwa na miaka kumi na minne, baba alikufa na shule ikafa naye. Nilikuwa darasa la nne pale Myanga. Hakuna aliyenieleza kwamba nimeacha shule, nilijua tu. Nikapanda lori la mahindi mpaka Kitale, na kazi niliyopata ilikuwa kupiga msasa katika karakana ya bunduki.

Mnaodhani nilikuwa muuza silaha, kaeni chini. Mimi ni fundi wa mbao. Bunduki ina chuma na ina mti. Chuma kilikuwa cha wengine. Mti, yaani kitako, ile sehemu unayoiegemeza begani, ndio ulionilisha na kunijengea nyumba.

Siku ya kwanza Fundi Mkuu, Kalasinga mwenye kilemba na ndevu nyeupe, alinipa kitako kikuukuu na kipande cha msasa. Nikasugua mpaka saa ya chakula. Akakipitisha shavuni mwake, akanirudishia.

"Umesugua kwa macho," alisema. "Mteja hatakitazama. Atakilalia."

Nikasugua tena, nimefumba macho. Hiyo ndiyo shule yangu.

Wateja wetu walikuwa wakulima wenye leseni, na bunduki zao nyingi zilikuwa za marisau, zile zinazotawanya vidonge vidogo vingi kwa mara moja. Siku hizi kijana anachagua kitako kwa picha kwenye simu. Ati hiki kinang'aa, ati hiki kina mkunjo kama wa sinema. Bana, hicho ni kiti ama ni kitako? Sisi kwanza tulifungua bunduki tuone matundu ya risasi ni matupu. Asiyefanya hivyo nilimtoa nje, hata akiwa mkubwa wa serikali.

Halafu unampima mtu. Anafumba macho, anainua bunduki mpaka begani, anafumbua. Akiona nyuma ya chuma tu, mgongo wa kitako, pale shavu linapolala, uko chini mno. Akiona mtutu wote umelala kama barabara, uko juu mno. Kitako kirefu kitamkwama kwapani. Kifupi kitamfanya ajipige pua kwa kidole gumba chake mwenyewe. Shingo ya kitako, pale mkono unaposhika, ikinyooka inafaa bunduki ya vifyatuo viwili, kwa sababu mkono unateleza kutoka kimoja hadi kingine. Shingo yenye mkunjo inamfaa mwenye kifyatuo kimoja, au mtu ambaye mkono wake unataka mahali pa kushika.

Baadaye nilipelekwa tawi la Bungoma. Meneja wa huko hakujua mbao, lakini alinifunza kitu bila kujua. Kila mara alilalamika, "Wafula, mbona vitako vya Kitale vinakuja vikiwa vifupi?" Nikafikiri, nikapata jibu. Bungoma watu wanavaa shati. Kule Kitale kwenye baridi wanavaa sweta na koti juu, na koti ni sehemu ya urefu wa kitako. Tangu siku hiyo sikupima mtu bila nguo anayovaa shambani.

Nilirudi Kitale nikiwa mkubwa wa upande wa mbao. Ndipo akaja Mama Wekesa, mjane mwenye shamba karibu na msitu, njia ya Kapsokwony. Alikuja na shemeji yake, Mzee Barasa. Bunduki ilikuwa ya marehemu mumewe, mtu mrefu kama mlingoti wa bendera. Mama alikuwa mfupi, na bega lake lilikuwa limevilia damu. Alishaanguka mtihani wa kulenga mara moja, kwa sababu alifumba macho akingoja uchungu. Ofisa wa leseni alimwambia akianguka tena, bunduki itabaki stoo ya polisi. Na bila mlio wa ile bunduki, nyani wangemaliza mahindi.

"Kata inchi mbili," alisema Fundi Mkuu.

Barasa akashika kitako kwa mikono yote miwili. "Hakuna kukata! Kiti cha ndugu yangu kipo, koti lake lipo, na hii ipo. Ukikata huu mti umemkata yeye."

"Basi si uwafukuze wewe hao nyani, shemeji," Mama akamwambia. "Leseni iandikwe jina lako."

"Mimi? Na macho haya?"

"Marehemu hatalia," Fundi Mkuu akasema, akichukua msumeno.

Mimi pia niliona Barasa ni mkaidi tu. Lakini mtu akishikilia kitu namna ile humpokonyi. Nikasema hatukati, na hatuachi hivi. Nachonga kingine. Nilikuwa na kipande cha mbao ngumu, tiki ya Elgon, nilichokikausha darini kwa miaka. Nikamwambia Mama arudi kesho na nguo ya kufukuzia nyani.

Alirudi amevaa koti la marehemu, mikono imekunjwa. Nikampima nalo. Nikachonga kitako kifupi, mgongo nikauinua, shingo nikaipa nusu mkunjo, mwishoni mwake nikapigilia mpira wa kupunguza kishindo. Ncha ya chini nikaigeuza nje kidogo, maana mwanamke ana kifua, na vitako vilikuwa vikichongwa kana kwamba wanawake hawapo. Kile cha zamani nikakipaka mafuta, Barasa akakifunga kwa blanketi akakipakata kama mtoto.

Baada ya mtihani Barasa ndiye aliyeniletea habari. "Fundi, amelipasua lile bao la shabaha! Na alifumbua macho!"

"Na wewe?"

"Mimi nilifumba."

Karibu na kustaafu kwangu, jamaa mmoja aliinama kuingia mlangoni. Wekesa, mwana wa yule Mama. Mama amezeeka, leseni sasa ni ya mwana.

"Mzee, hii bunduki ya mama inanipiga pua."

Alikuwa na lile blanketi la Barasa. Nikatoa kitako cha mama, nikafunga cha baba yake. Sikupiga hata randa. Akafumba macho, akainua, akafumbua.

"Unaona nini?"

"Naona mbele tu."

Hilo ndilo jibu. Nilimpigia Barasa simu kumwambia alikuwa sahihi kuliko Fundi Mkuu na kuliko mimi. Alicheka mpaka akakohoa.

Wekesa hakutaka kuondoka na kitako cha mama yake. "Amesema kikae kwako. Atakuja mtu mwenye mwili kama wake."

Sasa niko Myanga. Nina ekari tatu, nyumba ya matofali, ng'ombe wawili wa maziwa, randa na patasi zangu zote, na mgongo unaouma. Nina kitako kimoja kifupi cha tiki, kimelainika pale shavu la Mama Wekesa lilipolala. Mwenye mwili ule hajaja bado. Nakipaka mafuta. Bunduki sina, na sijawahi kuwa nayo.