Bega la Kushoto

Mzee aliyenipokea Johannesburg alikuwa fundi wa makoti. Alikuwa na chumba cha ghorofani Troyeville, cherehani tatu, meza ndefu ya kukatia, na dirisha linalotazama zile taa za njia panda ambazo huku tunaziita robot. Nilifika kwake nikijua kushona magauni ya kina mama tu. Koti alinifundisha yeye: kola inavyokazwa, mkono unavyotiwa begani usivute, bitana inavyofichwa. Miaka minne tulikaa kwenye zile cherehani, na chai yangu ilikuwa lazima nimpigie kelele ndiyo aniachie sukari.

Sasa, mgongo wa mzee huyo ulikuwa umepinda. Haukuinama mbele, hapana. Ulipinda kwa ubavu, kidogo, tangu ujana wake, na bega lake la kushoto likawa chini ya la kulia kwa vidole vitatu hivi. Ungekutana naye barabarani usingeliona. Makoti yake alijishonea mwenyewe, na ndani ya bega la kushoto alitia pedi ya vitambaa vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, akaishindilia kwa sindano mpaka mabega yote mawili yakalingana. Hata katika joto la Desemba hakuvua koti mbele ya watu. Walidhani ni maringo.

Mimi peke yangu nilijua, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kujipima mgongo wake. Siku ya kwanza alipovua shati ili nimpime, hakunitazama. Alisema, "Mdogo wangu, hii inabaki kati yako, mimi, na hii futi." Nikamjibu, "Mzee, mimi nimeshasahau." Tukacheka wote wawili. Patroni yake, ile ramani ya kukatia koti, tuliikata kwenye karatasi ya kaki, hatukuiandika jina, tukaiweka nyuma ya kabati la nyuzi.

Kwa nini ilikuwa siri? Kwa sababu kwetu, upande wa ziwa, wako watu wanaousoma mwili wa mtu kama barua. Mguu mfupi, jicho moja, mgongo uliopinda: lazima kuna kitu alifanya, au mama yake alifanya. Na mzee huyu alikuwa mwenyekiti wa umoja wetu, watu wa nyumbani tulioko hapa. Ndiye aliyewapokea wageni, aliyesimama kwenye posa, aliyezungumza kaburini. Hakuwa na kitu kingine alichokipenda kama kile kiti. Kiti chenyewe, haki ya Mungu, kilikuwa cha plastiki.

Lakini kiti kilikuwa na maneno. Mwenyekiti wa kwanza, aliyeuanzisha umoja, alikufa akiacha watoto wadogo. Mzee wangu alikuwa makamu wake, akakalia kiti kwa muda, na muda ule ukawa mrefu. Shemeji wa marehemu, mwenye duka la vitambaa Fordsburg, akasema kiti ni cha nyumba ya marehemu na kimeporwa. Umoja ukagawanyika. Jumapili tulikodi ukumbi uleule Bertrams, ila upande huu walikaa watu wa fundi, na upande ule wakakaa watu wa duka.

Katikati ya mambo hayo, mwaka 2015, alikuja mwalimu wa shule moja ya wasichana. Wanafunzi wake walikuwa wanafanya mchezo wa kuigiza, habari za mfalme wa Waingereza wa zamani sana, na alitaka mavazi. Kazi ya koti la mfalme nilipewa mimi. Nilimsikiliza huku nimebana pini mdomoni. Kaka wa mfalme huyo alikuwa mfalme kabla yake, akafa akiacha wana wawili wadogo. Huyu baba yao mdogo akawekwa awalinde, akakitwaa kiti yeye. Watoto wakafungiwa ndani ya mnara, wakaonekana siku chache, wasionekane tena. Baada ya miaka miwili akaja mtu wa nyumba ya mahasimu wake, kutoka ng'ambo ya bahari na jeshi lake, wakapigana, mfalme akauawa, mgeni akavikwa taji. Na kuanzia hapo, alisema mwalimu, habari za mfalme aliyekufa zikawa zinasimuliwa na watu wa yule aliyemuua.

Nikatoa pini mdomoni nikamwambia, "Mama, hiyo habari mimi naijua. Ni ya umoja wetu." Alicheka bila kuelewa.

Kisha akanionyesha picha kwenye simu. Mifupa ya mfalme ilikuwa imefukuliwa miaka michache nyuma, chini ya maegesho ya magari, na mwaka uleule wa 2015 walikuwa wameizika upya kwa heshima zote. Mifupa ilipigwa picha ikiwa imelazwa shimoni. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda kwa ubavu. Niliitazama ile picha mpaka mwalimu akaniuliza kama naumwa. Bega la kulia juu, la kushoto chini. Miaka mia tano walikuwa wakisema mfalme yule alikuwa na kibyongo na roho mbaya, kimoja kikiwa ushahidi wa kingine, na kumbe kibyongo hakikuwapo. Wataalamu wamesema, alinieleza mwalimu, kwamba akivaa nguo ya fundi mzuri hakuna aliyeweza kugundua.

"Fundi mzuri," alirudia, akininyooshea kidole kwa utani.

Nikamuuliza, basi tumshonee koti la kuficha? Akasema hapana, anataka kibyongo, tena kikubwa. Bila kibyongo watu hawatajua ni nani.

Ningekishona tu, kazi ingeisha. Lakini wiki ileile mzee alinifumulia mkono wa koti mbele ya mteja. Hakusema neno baya. Alichukua wembe, akakata nyuzi zangu moja moja, akasema, "Rudia." Mteja akatabasamu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Mama yangu aliniambia tangu utoto kwamba mdomo wangu utanifukuzisha mahali. Nilikaa na ile "rudia" siku tatu, na siku ya nne, mzee alipotoka kwenda kununua bitana, nilivuta patroni yake nyuma ya kabati.

Nilijiambia ni kwa ajili ya kazi. Mgongo uliopinda ninao tayari kwenye karatasi, kwa nini nianze upya? Nikakata koti la mfalme kwa vipimo vya mzee. Halafu badala ya kujaza bega lililoshuka, nikarundika sponji ya godoro kuukuu juu ya lile lililopanda, nikashona, nikalivika sanamu la mbao. Lilikuwa limekaa vizuri, na nililifurahia. Naandika hili nikiona aibu, lakini ni kweli, nililizunguka lile sanamu nikitabasamu.

Ndipo wakaingia wawili wa upande wa duka, wamefuata suruali zao. Wakaliona. Mmoja akasema, "Eh bwana, hii nundu ya ng'ombe umeipata wapi?"

Ningeweza kusema ni ya shule. Ilikuwa ya shule. Nikasema, "Sijaitoa mbali. Mwambieni mwenyekiti wetu avue koti, mtaiona."

Wakaangaliana. Kisha wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikajisikia mtu kati ya watu. Walipoteremka ngazi nilisikia bado wanacheka, na hapo ndipo nilipotamani kuwakimbilia. Sikukimbia. Nilirudi kwenye cherehani nikamalizia pindo.

Jumapili iliyofuata, mzee aliposimama kufungua kikao, sauti ikatoka nyuma: "Mheshimiwa, leo joto, vua koti upumzike." Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mzee hakumtafuta aliyesema. Alinitafuta mimi. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumtafuta, maana futi haina mdomo. Nami nikainamia viatu vyangu.

Hakuvua koti. Alikunja karatasi zake, akaacha kiti cha plastiki kikiwa wazi, akaja kukaa kwenye viti vya watu wote, mstari wa mwisho. Hakuna aliyepiga kura. Wiki iliyofuata mwenye duka alikalia kiti, akaombewa.

Mzee hakuniuliza kitu. Hilo ndilo lililonitesa. Ningemshukuru kama angenitukana, angenifukuza, angetupa futi dirishani. Aliniachia sukari, tena bila kupigiwa kelele. Mimi nami nilikuwa na maneno ya msamaha yamepangwa vizuri kabisa kichwani, na kila asubuhi nilisema "Mzee, habari ya kuamka," nikaishia hapo.

Ila hakuniomba tena nimpime. Ulipofika wakati wa koti jipya alilikata mwenyewe kwa kubahatisha, bila kuigusa ile patroni, na bega la kushoto likalala. Lilionekana waziwazi. Fundi aliyenifundisha makoti akawa anatembea Troyeville na koti lisilokaa, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwonyesha mgongo wake. Mwaka 2017 akahamia Pretoria, akaniachia cherehani mbili na funguo. Ile patroni niliikuta mezani, imenyooshwa kwa pasi.

Alipoondoka, kibyongo kilianza kukua bila mwenyewe kuwepo. Watu waliokuwa wamemwona kila Jumapili wakaapa kwamba kilikuwa hivi, wakionyesha kwa mikono. Wageni ambao hawakumwona kabisa wakajua zaidi. Wakasema alimla mwenyekiti wa kwanza kwa uchawi. Kwamba aliwapokea wengine wao kituo cha mabasi akiwa na mkate na maji, hilo halikusimuliwa. Mimi nilikuwepo mara nyingi yakisemwa, nikanyamaza, au nikasema, "Tuachane na hayo."

Mwaka 2019 binti wa mzee alipanda ngazi za chumba changu. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia nusunusu, anajibu Kizulu na Kiingereza. Aliniita malume, yaani mjomba. Alisema baba amefariki, mazishi ni Jumamosi ijayo, na kwamba aliagiza mimi ndiye niwatangazie watu wa nyumbani. Mkononi alikuwa na koti la mwisho la baba yake. Bega hili linaanguka, alisema, je, naweza kulirekebisha azikwe nalo?

Nilitoa ile patroni. Nilifanya kazi ile siku nzima bila kula, pedi tabaka kwa tabaka, na bega likasimama. Sikumweleza ni kwa nini nalia, naye alidhani analijua jibu.

Jumapili nilisimama ukumbini, binti amekaa mbele na koti limekunjwa magotini. Nikalitaja jina la baba yake, jina lote, la kwao na la ubatizo. Watu wakaulizana ni nani. Nikasema, mwenyekiti wetu wa zamani. Wengi walikuwa wageni, hawakumjua. Nikasema, fundi wa makoti, wa Troyeville. Wakadhani najisema mwenyewe. Nilikuwa nimewaita wamzike mtu, na hawakumjua mtu. Mdomo wangu ukafunguka.

"Yule mwenye kibyongo."

"Aaa," ukumbi wote ukaitikia. "Yule."

Nikarudi kukaa. Binti akaniinamia sikioni, polepole, akijitahidi kuyapanga maneno kwa Kiswahili ili kuniheshimu. "Malume, kibyongo ni nini?"

Nikamwambia, "Ni kitu nilichokishona mimi, nikamvisha baba yako."