Sheria Mia Moja na Kumi na Mbili za Profesa wa Anga

Shemeji yangu ni fundi wa lifti, na mngemwona kazini mngempenda. Lifti ikigoma kati ya ghorofa ya sita na ya saba, watu wanne ndani wanatoka jasho na kulaumiana, yeye hupanda ngazi na boksi lake la vifaa, anagonga mlango mara mbili, anasema, "Tulieni jamani, nimefika." Hana makeke. Wenye majengo wanampigia yeye kwanza, halafu ndiyo wanaipigia kampuni yake.

Taabu huanza akivua ovaroli.

Akishaivua anakuwa Profesa. Jina hilo sikumpa mimi. Mimi ningempa jingine. Amepewa na wanafunzi wake thelathini na mmoja, watu asiowahi kuonana nao uso kwa uso, ambao kila Jumamosi saa kumi jioni huvaa spika za masikioni na kukaa kimya mbele ya kompyuta zao wakimsikiliza akifundisha mchezo wa kurusha vyombo angani. Msidhani ni ule wa kubonyeza kitufe ukalipua maadui. Huu ni wa watu walioona dunia haijawatesa vya kutosha. Unaunda chombo kipande kwa kipande, unapima mafuta, unakirusha, unakizungusha kwenye mwezi, unakirudisha, na ukikosea hesabu kidogo tu kimepotea, pamoja na siku yako nzima. Vitufe vya kujifunza ni sitini na vinne. Dada yangu, ambaye ndiye mke wa bwana huyu na anauza kwenye duka la dawa, anasema amekagua rafu zote na dawa ya ugonjwa huo haijaletwa.

Profesa amewaandikia wanaoanza mwongozo. Una sheria mia moja na kumi na mbili, umepigwa chapa, umetiwa jalada gumu na waya wa kuzunguka pembeni, na hukaa juu ya meza ya sebuleni mahali ambapo familia nyingine huweka maua. Sheria ya kwanza: "Anayeanza asiguse kitu." Ya tatu: "Swali ambalo jibu lake limo humu halitajibiwa." Ya kumi na moja inakataza kucheka wakati wa kuruka. Ya kumi na tisa ndiyo anayoipenda, ameikolezea wino: "Rudi ukiwa na nusu ya mafuta. Anayeishiwa mafuta angani ni mzembe, na mzembe ataondolewa darasani." Nilipozisoma mara ya kwanza nilimuuliza, "Shemeji, hawa ni wanafunzi au wafungwa?" Akanijibu kwamba anga halina utani. Tangu hapo nikaona mimi ndiye niliyepewa jukumu la kuupeleka huko.

Sasa, mwezi uliopita, huyu mtu wa sheria ya kumi na tisa aliishiwa mafuta angani.

Nawaeleza ilivyokuwa, kwa sababu raha kama hii haiji mara mbili. Alikuwa anatoka kwenye mwezi wa mbali na chombo chake kikubwa, alichokijenga kwa miaka mitatu, kipande kimoja kimoja, kila Jumapili watu wengine walipokuwa wanatembeleana. Mafuta yalimtosha vizuri kurudi. Lakini jua lilikuwa linachomoza nyuma ya mwezi, akaona picha. Akageuza chombo ili kikae vizuri mbele ya jua. Mwanga haukumridhisha, akageuza tena, akarudi nyuma, akasogea, akapiga picha arobaini. Picha ilikuwa ya kuweka kwenye jalada la mwongozo. Alipomaliza, akatazama kipimo cha mafuta, kikawa kinamtazama na yeye.

Chombo kikabaki kinauzunguka mwezi, hakiendi mbele wala hakirudi. Kama hilo halitoshi, wenye mchezo wakatangaza kwamba Jumapili saa sita mchana wanaleta toleo jipya, na chombo chochote ambacho hakitakuwa bandarini kitafutwa. Miaka mitatu ingefutika kama chaki ubaoni. Angeweza kumwomba mtu yeyote katika darasa lake amletee mafuta, na hapo ndipo maji yalipomfika shingoni, kwa sababu kuomba ni kukiri. Fundi ambaye kila siku anawafungulia waliokwama, alipokwama mwenyewe hakumgongea mtu mlango. Akaanzisha chombo kingine kidogo kwa jina la bandia, akajaza mafuta, akaanza kukifuata chombo chake kimyakimya. Alijaribu mara kumi na moja. Mara mbili alikipita kwa kasi ya risasi, mara moja aliugonga mwezi, nyingine zote alibaki nyuma akitukana kwa sauti ya chini.

Sauti ilikuwa ya chini kwa sababu ya mama yetu. Mama alikuwa amepasuliwa goti, na kwa wiki tatu alikuwa amelazwa kwenye kochi la sebule hiyohiyo, mguu juu ya mito miwili, uso moja kwa moja kwenye skrini ya Profesa. Mbele ya mama mkwe mtu hatukani. Mimi hushona mapazia nyumbani, muda wangu naupanga mwenyewe, kwa hiyo kila mchana nilikuwa nakwenda kumfanyisha mazoezi ya goti na kupata burudani yangu.

Mama si mtu wa maneno mengi. Kwa miaka ishirini na sita aliendesha kreni kwenye majengo yanayojengwa, amekaa peke yake kwenye kibanda juu kabisa na chupa ya chai, akishusha kuta za zege juu ya vichwa vya watu bila kumgusa hata mmoja. Kwenye kochi lile hakuwa na la kusoma ila mwongozo wa mkwewe, basi akausoma. Wote. Kwa miwani na penseli. Nadhani ndiye binadamu wa kwanza kuumaliza kwa hiari yake.

Jumamosi, siku moja kabla ya toleo jipya, saa nane mchana, Profesa alikuwa katika jaribio la kumi na mbili. Dada alikuwa kazini. Mimi nilikuwa nimeshika kisigino cha mama, nainua, nashusha.

"Baba," mama akamwambia, "hicho unachokifukuza ni chako?"

"Hapana, mama. Ni cha... cha mwanafunzi mmoja. Namsaidia."

"Ana bahati huyo mwanafunzi," nikasema. "Ana jina kama lako, na picha yako kwenye mlango wa chombo."

Alinitupia jicho ambalo lingekuwa kofi kama mama asingekuwepo. Mama akafungua mwongozo mahali alipokunja pembe ya ukurasa.

"Sheria ya arobaini na nane. Umeandika, ukitaka kumfikia aliye mbele yako kwenye mzunguko mmoja, punguza mwendo, utashuka chini, njia itakuwa fupi, utamkuta. Ukiongeza mwendo utapanda juu na kubaki nyuma. Haya umeyaandika wewe?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Sasa mbona unaongeza?"

Profesa akageuka kutazama skrini. Mkono wake ulikuwa bado unasukuma wenzo wa injini mpaka mwisho, na chombo chake kikubwa kilikuwa kinazidi kuwa kidogo kwenye skrini. Sheria aliijua kwa mdomo. Mkono haukuwahi kuambiwa. Alikuwa amewakaririsha watu thelathini na mmoja jambo ambalo yeye mwenyewe hajawahi kulifanya hata siku moja, na hilo lilinipa joto moyoni, sina haja ya kuwaficha.

"Kwa maandishi ni rahisi, mama," akasema. "Kwa vitendo kuna mambo mengi. Labda ujaribu mwenyewe uone."

Alisema kwa adabu, na alisema akiwa na uhakika kwamba mama atashindwa. Tukamsogeza mama na mito yake, kiti kikawekwa, mguu ukawekwa juu ya stuli. Profesa akasimama nyuma yake, mikono mgongoni, akaanza, "Kwanza kabisa, mama, anayeanza asiguse..." Mama akawa ameshagusa. Akazima injini. Akakigeuza chombo kitazame nyuma, akapuliza kidogo tu, kama mtu anayepoza uji, akaacha. Kisha akakunja mikono.

"Mama, unapoteza muda," Profesa akasema. "Kinaenda mbali."

"Mzigo ukiyumba, ukiuvuta unazidi kuyumba," mama akasema. "Nangoja."

Jasho jembamba likamtoka mkwe. Mtu mwingine yeyote angeshapokonywa usukani na kusomewa sheria ya tatu, lakini mama mkwe hapokonywi kitu. Alizunguka sebule nzima, akahesabu vigae, akanywa maji ambayo sikuona ameyatoa wapi. Tulizunguka ule mwezi mara mbili. Mara ya pili chombo kidogo kilitokea kwa chini, taratibu, na kile kikubwa kikawa hapo mbele yetu, kinakua, kinakua, mpaka nikaiona picha ya shemeji mlangoni. Mama akapuliza upande, akapuliza mbele, akalinganisha mwendo. Vyombo viwili vikasimama kama vimepigwa misumari, mita kumi kati yao. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika saba.

Profesa alikuwa na machozi. "Mama, unganisha! Bonyeza hicho cha kijani!"

Mama akaondoa mikono mezani.

"Wanafunzi wako wanajua umekwama?"

"Hapana, mama."

"Na darasa linaanza sasa hivi."

"Ndiyo, ndiyo maana nasema tuharakishe..."

"Kule kwenye kreni," mama akasema, "mzigo ukikwama juu, jambo la kwanza unawaambia walio chini. Hata kama wewe ndiye uliyeukwamisha. Hapo ndipo unapopata matusi yako, halafu kazi inaendelea. Mimi sijawahi kugusa mzigo uliokwama kabla walio chini hawajajua, na sitaanza leo. Waambie, niunganishe."

Profesa alinitazama mimi! Mimi, nimwombee! Nikamwambia mita kumi ni kama kutoka hapo mpaka mlangoni, mwanamume mzima anaweza kuzimaliza mwenyewe. Aliunyoosha mkono kuelekea usukani, akautazama ule mwezi aliokwishaugonga mara moja. Akaurudisha. Kusema kweli nilimhurumia, kwa muda mfupi.

Saa kumi ilipofika alivaa spika zake, na mama akamwomba afungue sauti ili na sisi tusikie. Mmoja mmoja waliingia, wakitaja majina yao ya angani, wakisubiri. Profesa akasafisha koo.

"Marubani. Kabla ya somo, kuna jambo. Chombo changu kilipata... kilipata hitilafu ya kimitambo..."

Mama akakohoa.

"Kiliishiwa mafuta," akasema haraka. "Wiki nne zilizopita. Nilikuwa napiga picha. Nimejaribu kukifuata nimeshindwa. Aliyekifikia ni mama mkwe wangu. Amecheza leo kwa mara ya kwanza, saa moja na nusu tu."

Mama akabonyeza cha kijani. Vyombo vikagusana kwa mlio mdogo, na kipimo cha mafuta kikaanza kupanda. Chombo cha miaka mitatu kilikuwa kimeokoka. Mimi tayari nilikuwa naviandaa vicheko vyangu vya mwaka mzima, navipanga kwa ukubwa.

Lakini kule upande wa pili hakuna aliyecheka. Profesa akaangalia kama waya umechomoka. Kisha ikaja sauti ya mwanamke. Alikuwa mwalimu wa hesabu, huko aliko, na ndiye mwanafunzi aliyesifiwa kuliko wote kwa nidhamu.

"Profesa, na mimi nimekwama. Ni miezi minne sasa."

"Umekwama wapi?"

"Kwenye mwezi wa pili. Mafuta yaliniishia siku ya kwanza niliyoruka. Kila Jumamosi nawasha kompyuta, nakaa humo ndani, nasikiliza."

"Na mimi," akasema mzee mmoja mwenye sauti ya kikohozi. "Mimi hata sijui niko wapi."

"Na mimi."

"Mimi na mke wangu, wote wawili, tulikuwa chombo kimoja."

Waliendelea hivyo hivyo, kama watu wanaoitikia majina shuleni. Nilihesabu kwa vidole, vidole vikaisha. Walikuwa kumi na saba. Kumi na saba kati ya thelathini na mmoja walikuwa wanaelea gizani, kila mmoja akidhani ni peke yake, na kesho yake saa sita mchana wote wangefutwa.

Profesa aliuvuta mwongozo akaufungua, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, mbele, nyuma, mbele tena.

"Haimo, Profesa," mwalimu wa hesabu akamwambia. "Nimeusoma mara tatu. Zote mia moja na kumi na mbili. Hakuna panaposema mtu akikwama afanye nini."

"Lakini kwa nini hamkuniambia?" Shemeji alisema karibu kwa kilio. "Miezi minne! Mimi ni mwalimu wenu! Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungetuondoa darasani," yule mwanamke akajibu.

Nilitafuta kicheko hata kimoja kati ya vile nilivyovipanga, sikukiona. Shemeji alikuwa amesimama na mwongozo wazi mikononi. Mama akausogeza mguu wake vizuri kwenye stuli, akamnyooshea penseli.

"Baba, kaa chini," akamwambia. "Waulize kila mmoja kakwama wapi, uniandikie majina. Tunaanza na wa karibu."