Malengelenge Chini ya Shati

Tetekuwanga ilipozuka shuleni kwetu hapa Voi, nilijua ilikotoka kabla ya daktari yeyote. Gredi ya sita ninayoifundisha ilikuwa na msichana mgeni kutoka Taveta, binti wa mama anayeleta ndizi mjini, na yeye ndiye aliyetokwa na vipele kwanza. Nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamwambia arudi kwao na ugonjwa wake wa mpakani. Mimi ni mwepesi wa hasira, na wa kujua mambo ni mwepesi zaidi.

Kabla ya hapo mimi mwenyewe nilikuwa nimepata mkanda wa jeshi, malengelenge ubavuni yanayochoma kama pilipili. Niliyaficha. Huku kwetu ukionekana na mkanda watu wananong'ona ukimwi, na ulimi hauna mfupa. Jua likipanda nilivua sweta lililokuwa likigusa malengelenge, na yule msichana ndiye aliyenipelekea sweta hilo ofisini. Maumivu yaliponipeleka kliniki, watoto wakiwa wameshaanza kuugua, muuguzi aliomba kugusa lengelenge moja kwa kijiti cha pamba, kwa kuwa maabara ilikuwa ikikusanya sampuli za shule. Nilikubali, ingawa sikuona vinahusiana vipi.

Majuma kadhaa baadaye afisa wa afya aliniita kando. Walikuwa wamesoma jeni za virusi, na vya watoto, msichana akiwemo, vilifanana na vyangu. Tetekuwanga niliyougua utotoni kijijini Mwanda haikuwahi kuondoka. Ililala mwilini, ikaamka ikiwa mkanda, ikampata msichana kupitia sweta langu. Nilimwomba arudie mara tatu. Nafundisha sayansi, na bado kichwa kilinizunguka. Kitu kinalalaje ndani yangu miaka yote hiyo nami sina habari? Aliniahidi kwamba jina langu halitatajwa popote.

Ijumaa hiyo mama wa msichana alikuja na mkungu wa ndizi.

"Mwalimu, tusamehe kwa hii shida mtoto wangu aliwaletea."

Nilitamani sana kupokea ndizi na kunyamaza.

"Mama, ni mimi nilimwambukiza. Nilikuwa na mkanda wa jeshi."

Akacheka. "Usimtetee, mwalimu. Mkanda na tetekuwanga, wapi na wapi?"

Hata mimi sikuwa nimeelewa vizuri. Nikainua shati, nikamwonyesha makovu. Akaacha kucheka.

"Ulikuwa unajua?"

"Sikujua, mama."

"Sawa. Na kumfukuza mbele ya wenzake, hiyo pia hukujua?"