Kikao Changu cha Bei Zisizosomeka

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya mawasiliano pale Malaba, meneja alinionyesha mashine ya faksi akaniambia, "Hii usiigonge. Ikikwama, iongeleshe polepole." Nilikuwa na cheti cha darasa la nane na kingine cha kupiga chapa, basi, lakini furaha niliyokuwa nayo ungedhani nimekabidhiwa ndege. Wateja wetu walikuwa mawakala wa forodha, wale wanaojaza karatasi za malori yavuke mpaka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja bila haraka.

Miaka ya tisini ikielekea kwisha nilihamishiwa Busia, ambako ofisi ilikuwa imepata kompyuta na modemu. Ninyi vijana hamkuiona modemu. Ilikuwa kisanduku cha kuipigia kompyuta nyingine simu. Kinalia, kinanyamaza, halafu unaanza kuomba Mungu. Laini ilikuwa nzito, kwa hiyo tulizima picha. Ukurasa ulifunguka maneno matupu, na mahali pa picha pakabaki mraba.

Mteja niliyempenda kuliko wote alikuwa Mwalimu Ekisa wa Chakol, ambaye hakuwa anaona. Kila Ijumaa alikuja nimsomee bei za mahindi kwenye tovuti moja ya Nairobi, ili awaambie wakulima wa kwao kabla madalali hawajafika. Ijumaa moja nikakuta tovuti imerembeshwa, na jedwali lote la bei limewekwa kama picha.

"Soma basi, dada."

"Mwalimu, hapa kuna mraba."

"Huo mraba unasema nini?"

"Hausemi kitu."

Nikawasha picha, laini ikakatika. Nikarudia, ikakatika. Mwalimu akacheka, akaniambia nisijali, akaenda mikono mitupu. Wiki hiyo watu wa Chakol waliuza kwa bei aliyoitaja dalali. Niliposikia, niliingia nyuma ya kabati la faili nikalia.

Haukupita muda tukapata habari: watengenezaji wa tovuti wa Kenya na Uganda wangekutana Busia, katika ukumbi wa kanisa, kukubaliana viwango, yaani kanuni za pamoja ili kurasa zifunguke kwa kila mtu. Ajabu ni kwamba mtu yeyote angeweza kupendekeza kikao cha pembeni. Watu wachache wanatoka ukumbi mkubwa, wanakaa chumba kidogo kwa saa moja na kujadili jambo moja. Unajaza karatasi: jina la kikao, lengo, nani ataongoza, nani ataandika. Karatasi inaanikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na anayependezwa anatia sahihi chini. Mwisho wa saa lazima kitoke kitu kimoja, sentensi ya kupeleka ukumbini ipigiwe kura. Kikao kisicho na sentensi kimekufa.

Mimi huyo! Nikajaza karatasi, kikao nikakiita "Bei Zisizosomeka", nikaianika. Kisha nikaandika ratiba nikiimba. Sala ya kufungua. Utambulisho. Neno la mwenyeji. Salamu za chifu. Mjadala. Neno la shukrani. Sala ya kufunga. Nikampelekea meneja wetu wa Busia.

"Hiki ni kikao ama ni harusi?" akauliza. "Mjadala umeupatia dakika ngapi?"

"Kumi, boss."

"Kumi! Na hujui watu wetu? Mmoja akisimama kujitambulisha ataanzia kwa babu yake."

Nilijua ni kweli. Lakini mtu asiyesalimiwa hafungui roho, na sikuwa na moyo wa kumkatiza mgeni. Nikaenda kwa mratibu wa mkutano, mama mpole kutoka Kampala. Akasoma ratiba yangu, akatabasamu.

"Nyabo," akaniita kwa heshima ya kwao, "salamu usizifute. Zipe kazi."

Nilitembea hadi ofisini nikiyatafuna maneno hayo. Kisha nikafungua kurasa za wote waliotia sahihi, picha zikiwa zimezimwa, nikazichapa kwenye karatasi moja moja. Walikuwa watano tu, na wawili walikiri wametuchagua kwa sababu chumba chetu kilikuwa karibu na chai.

Tulikaa kwenye viti vidogo vya watoto wa shule ya Jumapili, magoti yakigusa kidevu. Nilimwomba Mwalimu Ekisa, niliyekuwa nimemwalika, afungue kwa sala.

"Mungu, tusaidie tuone. Amina," akasema, na hakuna aliyejua kama acheke.

Nikagawa karatasi. "Taja jina lako, unakotoka, kisha utusomee ukurasa wako unavyomwambia mtu aliyezima picha."

Dada wa Jinja akasoma, "Karibu, karibu, karibu," akaficha uso. Zamu ikamfikia kijana mmoja mwenye tai. Akaigeuza karatasi yake kutazama nyuma, akaigeuza tena.

"Naitwa Kamau, natoka Nairobi. Ukurasa wangu unasema 'Bei za leo'. Halafu… hakuna kitu."

Mwalimu akageuza sikio. "Wewe ndiye wa mahindi? Karibu, kijana. Chakol nzima inakutafuta."

Chumba kikalipuka kwa kicheko.

"Mzee, mimi nilidhani inapendeza."

"Pengine inapendeza. Mimi niambie tu gunia ni ngapi."

Kamau hakucheka. Aliomba kalamu, akaandika mwenyewe: kila picha iwe na maneno ya badala, na bei isiwekwe kama picha. Tulikuwa bado na dakika ishirini, tukaenda kunywa chai.

Ukumbini mtu mmoja alipinga, akisema hiyo ni kazi maradufu. Ndipo Kamau akasimama, akafungua karatasi yake tupu, akaisoma kwa sauti mbele ya wote. Mikono ikainuka. Nilijaribu kuihesabu nikashindwa, macho yamejaa maji.

Bei zilirudi kuwa maneno. Miaka ikapita, zikaja kompyuta zinazosoma kwa sauti, nazo husoma maneno tu. Mwalimu Ekisa akapata moja shuleni kwake, na Ijumaa moja hakuja. Iliyofuata pia hakuja.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza ni kazi gani ninajivunia. Huwaambia ni ile saa moja kwenye viti vya watoto, iliyoniondolea mteja niliyempenda kuliko wote.