Nilivyowahesabu Wanangu

Mimi sikusoma, lakini nyumba hii ya matofali hapa Bwera nimeijenga mwenyewe. Basi alipokuja binti wa kituo cha utafiti cha chuo kikuu, akiuliza serikali isaidieje nyumba zenye vilema, nikamkatiza.

"Hapa hakuna. Wanangu wote ni wazima: Baluku, Bwambale, Kule."

Akaacha kuandika. "Muzee, na Masereka?"

Mjinga mimi. Sisi Wakonzo tunawaita watoto kwa kufuata zamu ya kuzaliwa, na mvulana wa tatu ni Masereka, wa nne ndiye Kule. Binti naye ni Mkonzo.

Nikasema alikufa zamani.

Kutoka chumba cha nyuma, mwanangu asiyetembea, niliyemfungia humo ili wageni wasimwone, akaitika: "Baba, niko hapa."