Somo la Mwisho wa Maombi

Kila Jumamosi mwalimu wa Kiingereza kutoka Ahero huja kwenye saiba ya Rosa, duka lake la intaneti mjini Kisumu, kalamu nyekundu ameichomeka kwenye nywele. Amefundisha miaka ishirini na miwili, na sasa anachagua diploma ya walimu wazoefu, ile ya kusomea nyumbani. Matangazo ya vyuo huyasoma akichezesha midomo, na huyasahihisha kama insha za wanafunzi.

“Chagua chuo hiki kinachotaka mtihani tu, Mwalimu,” Rosa alimwambia. “Hiki kingine kinataka video ya somo, na mwisho ni leo. Si shule yenu imefungwa na mafuriko?”

“Nataka waone darasa langu, Rosa.”

Mwalimu akampa simu yake. Kwenye video, Mwalimu alisimama majini darasani, mbele ya madawati matupu, akiuliza, akinyamaza, akiitikia kwa kichwa. Rosa alimwonea huruma, kisha akafungua sauti. Madawati yakasikika yakisogea, ingawa kwenye picha yalikuwa bado matupu, na watoto wengi wasioonekana wakajibu kwa pamoja.

“Wanasikika?”

“Wanasikika, Mwalimu.”

“Hata yule wa nyuma? Yeye huchelewa kujibu.”

Rosa akaongeza sauti. Baada ya wenzake wote, sauti moja ndogo ikajibu. Rosa akaituma video chuoni.