Shahidi wa Onyesho la Mwisho

Kila Jumamosi fundi redio hutuambia, sisi mashabiki wazee wa ile bendi ya roki ya nyimbo ndefu, kwamba alihudhuria onyesho lao la mwisho. "Ndugu zangu, jasho la mpiga gitaa lilinirukia!" Husema huku akifuta santuri kwa ncha ya shati, taratibu, bila kututazama. Simwamini. Mimi nilikuwepo, nimewaambia wenzangu mara nyingi, na sikumwona.

Jana tulimwomba auimbe ule wimbo wa nusu saa, unaojaza pande zote mbili za santuri, kama alivyousikia pale. Alifumba macho, akaanza. Katikati alinyamaza, mkono ukageuza santuri isiyokuwepo. Jukwaani hakuna upande wa pili! Nilitaka kumuumbua palepale, ila mkono wangu nao ulikuwa hewani, unageuza.